Mashine hatuna, na si neno

Kila nikimwambia mtu hapa Kampala kwamba utafiti wangu ni nadharia ya kompyuta za kwanta, zile zinazopiga hesabu kwa kanuni za chembe ndogo mno kama atomu, swali hunifikia kabla sijamaliza: "Hiyo mashine mnayo Makerere?" Hatuna, wala siihitaji.

Mwanahisabati Peter Shor alipoonyesha mwaka 1994 jinsi kompyuta ya kwanta ingeweza kupata upesi namba tasa zinazounda namba kubwa, hapakuwa na mashine popote ya kuendeshea hesabu hiyo. Ilikuwa hoja ya kihisabati tu. Lakini siri nyingi za mtandaoni hulindwa na ugumu wa kuzipata namba tasa hizo, na kwa sababu ya hoja hiyo, Agosti 2024 Marekani ilitoa viwango vipya vya usimbaji vya kukinga siri dhidi ya mashine hizo, na nadhani hata kampuni za simu zinazotubebea pesa zitahamia huko.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ewin Tang. Akiwa bado shahada ya kwanza kule Texas, mwalimu wake Scott Aaronson alimpa kazi ya kuthibitisha kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi hata kuikaribia kasi ya algoridhimu (yaani mpangilio wa hatua za hesabu) moja ya kwanta, ya kumpendekezea mteja bidhaa. Akahangaika nayo. Uthibitisho ukagoma kwa sababu dai lenyewe halikuwa kweli, na mwaka 2018 akatoa algoridhimu ya kawaida inayoweza. Hakugusa kubiti, kipande kidogo kabisa cha kumbukumbu ya kompyuta ya kwanta, hata moja.

Alikuwa na muda, basi. Mhadhiri wa kwetu hufundisha mchana, akarudi kwa wanafunzi wa jioni, na wikendi yuko chuo kingine akitafuta karo ya watoto. Nyongeza ya mishahara ya wanasayansi ya 2022 imetusaidia tulio vyuo vya umma, nisiwe mkosa shukrani. Ila tatizo la nadharia halishikiki kwa nusu saa kati ya vipindi viwili. Linataka ulale nalo, uamke nalo, ulichukie, ulirudie.

Kwa hiyo mkuu wa idara akiniuliza tununue nini ili nasi tuingie kwenye kwanta, namwambia asinunue kitu. Makala za fani hii nyingi ziko arXiv, hifadhi ya makala za kisayansi mtandaoni, bure. Achague wahadhiri wasaidizi wawili wenye hisabati nzuri, awaondolee vipindi muhula mzima, awape chumba chenye ubao na mlango unaofungika, na asiwadai ripoti kila Ijumaa. Wakitoka mikono mitupu, awaongezee muhula wa pili.