Bingwa asiyepanda daraja: msimu wa 2022 katika ligi ya pili ya spidiwei Uingereza

Msimu wa 2022 wa SGB Championship, ligi ya daraja la pili ya mbio za pikipiki za spidiwei nchini Uingereza, ulimalizika kwa Poole kuishinda Leicester katika fainali na kutwaa ubingwa kwa mwaka wa pili mfululizo. Msimu uliofuata Leicester, iliyoshindwa, ndiyo iliyokwenda ligi kuu, na Poole, iliyoshinda, ikabaki ilipokuwa. Hapakuwa na dhuluma yoyote katika hilo, kwa kuwa Leicester ilitaka kupanda na Poole haikutaka. Kwa msomaji aliyelelewa na soka, ambako kupanda na kushuka daraja ndiko kunakofanya watu wakeshe redioni siku ya mwisho ya ligi, mpangilio huu unaonekana kama mzaha. Ninachotaka kupima hapa ni kama kweli ni mzaha, au kama lawama nyingi zinazoelekezwa huko zingefaa kuelekezwa kwenye jambo jingine ambalo mashabiki wameshalizoea.

Kwanza mchezo wenyewe. Waendeshaji 4, wawili kutoka kila timu, hujipanga nyuma ya utepe, na utepe ukiruka juu huzunguka mara 4 kwenye njia fupi ya udongo wa mawe yaliyosagwa, wakielekea kushoto muda wote. Pikipiki ni ya sentimita za ujazo 500, ina gia moja, hunywa methanoli, na haina breki. Kona hupitwa kwa kuliteleza gurudumu la nyuma huku mguu wa kushoto uliovishwa kiatu cha chuma ukiburuta chini. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Mechi ina mbio 15, kila timu ina waendeshaji 7, na mtu aliyekaa jukwaani na kalamu hujaza matokeo ya kila mbio kwenye kijitabu cha mechi, desturi ambayo wazee na watoto wanaifanya kwa umakini uleule.

Sasa turudi kwenye daraja. Hoja ya wanaotaka bingwa apande ni rahisi kueleweka na ina uzito. Ligi ambayo ushindi wake haubadilishi chochote huwanyima watazamaji sababu ya kuhangaika, na timu inayoburuta mkia mwezi wa nane haina cha kuogopa, hivyo mechi zake za mwisho huwa za kukamilisha ratiba. Poland, ambako mchezo huu unapendwa kuliko kwingine kokote, timu hupanda na kushuka kila mwaka, na viwanja hujaa. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Uingereza, iliyoendesha ligi ya spidiwei tangu 1929, ishindwe kufanya lile ambalo Poland inaliweza?

Jibu la kwanza liko katika historia, na ni la kuchekesha kidogo. Mwishoni mwa 1963 ligi kuu ya wakati huo, National League, ilikuwa imepungukiwa na klabu, na mamlaka ya mchezo ikaiamuru Wolverhampton, bingwa wa Provincial League iliyokuwa chini yake, ipande ijazie pengo. Klabu za Provincial League zilikataa kwa pamoja. Msimu wa 1964 ziliendesha ligi yao nje ya mamlaka hiyo, bila leseni, mpaka uchunguzi ulioongozwa na Lord Shawcross ulipofungua njia ya kuziunganisha ligi hizo mbili kuwa British League mwaka 1965. Yaani bingwa alipolazimishwa kupanda, mchezo mzima uliingia katika uasi. Mapromota wa leo, yaani wanaoendesha klabu, wamerithi hofu hiyo, wajue wasijue.

Jibu la pili ni la fedha na ardhi, na ndilo zito. Viwanja vingi vya Poland ni mali ya halmashauri za miji, na mji huona fahari kuibeba timu yake. Klabu nyingi za Uingereza ni wapangaji, aghalabu katika viwanja vya mbio za mbwa, chini ya wamiliki ambao wakati wowote wanaweza kuona kwamba nyumba za kuuza zina faida kuliko pikipiki za Jumatano usiku. Peterborough ilikuwa bingwa wa ligi kuu mwaka 2021, na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imepoteza uwanja wake kwa mipango ya ujenzi. Wolverhampton iliondolewa katika uwanja wake wa Monmore Green mwaka huohuo wa 2023. Kumwambia mpangaji asiye na uhakika wa mkataba wake kwamba mwakani ni lazima aajiri waendeshaji wa bei ya juu, kwa kuwa tu mwaka huu ameshinda, ni kumwadhibu kwa kushinda.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa 2018. Mwaka huo Poole ilikuwa bingwa wa ligi kuu, na Workington, klabu ya mji mdogo wa pwani ya Cumbria, ikawa bingwa wa daraja la pili. Tujaalie kanuni ya kupanda ingekuwapo, Workington ingepanda. Ukweli ni kwamba haikuweza hata kubaki: ilifunga milango baada ya ubingwa huo, na msimu wa 2019 ulianza bila bingwa mtetezi. Poole nayo, pamoja na mataji yake yote, iliamua baada ya msimu wa 2019 kushuka kwa hiari. Msimu wa 2020 ukafutwa kwa sababu ya korona, na iliporudi mwaka 2021 ilichukua ubingwa wa daraja la pili mara moja, ikikimbia nyumbani Jumatano, usiku ambao mji wake umeuzoea. Mabingwa wawili wa mwaka mmoja, mmoja akafunga milango na mwingine akashuka kwa kupenda. Anayetaka kanuni ya kupanda na kushuka inabidi aeleze ingewasaidiaje hao wawili, na mimi sijaona maelezo hayo yakitolewa.

Ipo hasara, sikatai. Klabu inayoshuka kwa hiari na nguvu zake za ligi kuu inaweza kulifanya daraja la chini kuwa shamba lake. Kuna kinga moja, nayo ni kikomo cha wastani: kila mwendeshaji ana wastani unaotokana na pointi zake, na jumla ya wastani wa waendeshaji 7 haitakiwi kuzidi kiwango ambacho mapromota hukubaliana kabla ya msimu. Timu ikishinda, wastani wa watu wake hupanda, na hapo klabu hulazimika kukivunja kikosi. Poole ilishinda 2021, ikajengwa upya, ikashinda 2022. Glasgow iliizuia mwaka 2023, kwa hiyo kinga hiyo haikuwa bure, ingawa inawaumiza mashabiki waliompenda mtu fulani na kumkuta mwaka unaofuata amevaa jezi ya wapinzani.

Kwa hiyo upande huu mizani yangu inaelemea kwa walioacha mlango wa klabu uwe wa hiari. Oxford imeutumia mlango huo kwa namna ambayo mfumo wa soka usingeiruhusu. Uwanja wake wa Cowley ulifungwa mwaka 2012, ukafunguliwa tena, na Oxford Cheetahs wakarudi katika daraja la pili mwaka huohuo wa 2022 tunaouzungumzia. Ilipofika 2024 wenye klabu waliingiza timu katika ligi kuu kwa jina la Oxford Spires, na hawakuwaondoa Cheetahs walipokuwa. Timu mbili za uwanja mmoja, kila moja katika daraja lake. Msomi wa kanuni atatikisa kichwa, lakini mkazi wa Cowley alipata usiku mwingi zaidi wa mbio, na uwanja ukapata mapato zaidi ya kuuweka hai.

Jambo linalonipa shida ni lile ambalo halilalamikiwi tena. Mwaka 2022 ligi kuu ilikuwa na timu 6 na daraja la pili lilianza na timu 11. Kwa waendeshaji 7 kila timu, hizo ni nafasi 119, lakini watu waliozijaza walikuwa wachache kuliko hapo, kwa sababu kanuni zinamruhusu mtu mmoja kuendesha katika timu mbili, moja ya juu na moja ya chini. Danny King, bingwa wa Uingereza wa 2016, alikuwa msimu huo na Ipswich katika ligi kuu na Poole katika daraja la pili. Hakuwa peke yake. Katika kila kikosi chenye nguvu walikuwapo watu wa namna hiyo.

Utetezi wa utaratibu huo si wa kubezwa. Mwendeshaji hununua pikipiki zake mwenyewe, hulipia matengenezo ya injini, mafuta, gari na fundi, na malipo yake hutegemea pointi anazopata uwanjani. Asipokimbia halipwi. Msemo wetu kwamba mshika mawili moja humponyoka hauwasaidii watu hawa, maana katika msimu wa miezi michache mwenye timu moja, hasa ya ligi kuu iliyokuwa na klabu 6 tu, angeweza kukosa hata gharama za injini. Klabu ya daraja la pili nayo hupata mtu wa kiwango ambacho isingeweza kumwajiri peke yake, na kijana anayeanza hujifunza kwa kukimbia dhidi yake kila wiki. Zaidi ya hayo, njia mbadala ilishajaribiwa. Mwaka 1995 ligi mbili ziliunganishwa kuwa moja kubwa, na klabu ndogo zikajikuta zinagombea watu na klabu zenye fedha. Baada ya misimu miwili tu muungano ukavunjwa, na kufikia 1997 madaraja mawili yakarudi. Ukiondoa uchangiaji wa waendeshaji, yaani timu mbili kumtumia mtu mmoja, leo bila kuongeza idadi yao, timu zitakazokosa watu zitakuwa zile za chini.

Hata hivyo utaratibu huo una gharama inayolipwa na upande mmoja. Mwaka 2022 ligi kuu ilitengewa usiku wake wa Jumatatu na Alhamisi, na daraja la pili lilijipanga kuzunguka hapo: Poole Jumatano, Edinburgh Ijumaa, Berwick Jumamosi. Kwenye karatasi hakuna mgongano. Mvua ikinyesha, na Uingereza hunyesha, mechi huahirishwa, na ratiba iliyobana hupasuka. Hapo mwendeshaji mwenye timu mbili anatakiwa mahali pawili. Vilevile akivunjika mfupa wa bega Jumatatu akiwa na timu ya ligi kuu, timu ya Ijumaa imempoteza pia, ingawa haikuwapo. Na safari zenyewe si mchezo: kutoka Poole, kusini kabisa, hadi Armadale inakokimbilia Edinburgh huko Uskoti ni zaidi ya kilomita 600 za barabara.

Mtu akikosekana, kanuni huruhusu mgeni, yaani mwendeshaji wa timu nyingine ambaye wastani wake hauzidi wa yule aliyekosekana. Anaweza kuwa mtu ambaye wiki iliyopita aliwafunga hawahawa anaowatumikia leo. Pale jukwaani ndipo athari yake inapoonekana vizuri. Mtu amenunua kijitabu, namba 1 ina jina lililochapishwa la nahodha wake. Kipaza sauti kinatangaza mabadiliko. Anakata jina kwa kalamu na kuandika juu yake jina la mtu wa klabu nyingine. Usiku mwingine hukata majina mawili kabla ya mbio ya kwanza. Katika mbio ya 15, ambayo mara nyingi huamua mechi, anayeshangiliwa anaweza kuwa mgeni dhidi ya mgeni. Matokeo ni halali, na wastani umelindwa kihesabu, lakini sababu ya mtu kutoka nyumbani kuja kuitazama timu ya mji wake imepunguzwa, na hakuna jedwali la ligi linaloonyesha upungufu huo.

Newcastle ilijiondoa katikati ya msimu huo wa 2022, na timu 11 zikawa 10. Sisemi kwamba uchangiaji wa waendeshaji ndio uliowaondoa. Klabu zinazobeba gharama kubwa na majukwaa yenye nafasi tupu hufa kwa sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba klabu iliyo katika hali hiyo inategemea mapato ya mlangoni, na haimudu kuwauzia watu wake majina yaliyokatwa.

Pendekezo la kuwaruhusu wageni kutoka ligi ya tatu pekee, ile ya vijana, kila mara mtu anapokosekana kwa sababu ya ligi kuu, linapingwa kwa hoja kwamba kijana atakayewekwa mahali pa nahodha atafungwa, na mechi itakuwa ya upande mmoja. Hoja hiyo ni ya kweli kwa usiku mmoja mmoja. Lakini madaraja yote mawili yalishakubali, kupitia mpango wa Rising Star, kwamba nafasi moja ya kikosi iwe ya kijana wa Uingereza hata kama inapunguza ushindani, kwa hiyo kanuni ya kulipa kidogo leo ili kupata waendeshaji kesho imeshapita. Njia nyepesi zaidi ni kuigeuza kawaida ya ratiba: mechi ya ligi kuu iliyoahirishwa isipangwe katika usiku wa kudumu wa klabu ya daraja la pili inayomchangia mwendeshaji, hata kama televisheni ingependa hivyo. Klabu za ligi kuu zitapinga, kwa kuwa zitalazimika kukimbia mwishoni mwa msimu, wakati wa baridi na watazamaji wachache. Daraja la pili limekuwa likikimbia katika hali hizo kwa ajili yao kwa miaka mingi.