Leseni ikishatoka, Bunge linakagua nini?

Ndugu mwandishi, umesema kamati za Bunge la Uingereza "zinadhibiti" mauzo ya silaha nje. Hapana, haziidhinishi chochote. Leseni hutolewa na serikali. Wabunge huzikuta baadaye kwenye takwimu za kila robo mwaka, pengine mzigo umeshapakiwa. Sisi hapa Dar tunaijua gharama ya kuchelewa huko. Rada ambayo BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, iliiuzia Tanzania kwa pauni milioni 28, ilipewa leseni Desemba 2001. Kigezo cha 8 kati ya vigezo vyao vya kutoa leseni kilitaka uwezo wa kiuchumi wa mnunuzi upimwe, na Clare Short, waziri wao wa maendeleo, alipinga. Wapi! Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani kutotunza sawasawa hesabu za malipo ya dalali, dola milioni 12.4. Ikapigwa faini ya pauni 500,000, ikalipa pauni milioni 29.5 za vitabu na madawati ya shule zetu. Watoto wangapi walikaa sakafuni miaka yote hiyo? Na takwimu zenyewe zina tundu: leseni ya wazi, yaani inayoruhusu shehena nyingi kwa kibali kimoja, mara nyingi haiweki kikomo cha idadi, hivyo thamani yake haionekani. Mbunge aulize mtumiaji wa mwisho ni nani, na nani alithibitisha mzigo ulipofika.