Kipigo cha kawaida ndiyo kipi?

Nimesoma habari ya mume kumpiga mkewe; inasema majirani walisikia kelele wakadhani ni ugomvi wa kawaida wa mke na mume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumpiga mwenzi wako, ila huku Moshi bado tunaambiana ya ndani yaishie ndani. Mimi nimepanga Pasua, ukuta kwa ukuta. Mtoto wa jirani, darasa la tano, akisikia baba yake anagonga geti usiku anabeba madaftari anakuja kulala kwetu. Kesho yake anasinzia darasani, anachapwa tena (huko nako!). Mama yake tulimsindikiza polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Ukoo ukamrudisha kwa mumewe, kwa kikao na mbege (pombe ya ndizi). Wazee wangu, kwenye hicho kikao mtoto aliulizwa?