Gari-nyumba la mtumba Uingereza: yadi au mtu binafsi?

Anayetafuta gari-nyumba la mtumba nchini Uingereza, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, hupewa na wenzake ushauri mmoja karibu kila mara: achana na yadi, tafuta mzee aliyestaafu anayeuza lake. Hoja yenyewe inaeleweka. Mwenye yadi ana kodi ya uwanja, mishahara ya watu na faida yake, na yote hayo anayalipa mnunuzi. Gari lile lile, lenye umri ule ule na maili zile zile, hupanda bei kwa pauni elfu kadhaa likishatoka mbele ya nyumba ya mtu na kuingia uwanjani.

Nakubali kwamba yadi ni ghali. Nisichokubali ni kwamba ziada hiyo ni hasara tupu. Anayelipa bei ya yadi ananunua haki za kisheria ambazo mtu binafsi hadaiwi kumpa. Kinachonisikitisha ni kuona watu wakiilipa ziada hiyo kisha wakaondoka bila haki zenyewe, kwa sababu ya maneno mawili matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mauzo.

Nianze na upande wa mtu binafsi, maana unastahili heshima kuliko ile unayopewa na wauzaji. Mwenye gari aliyelitunza miaka minane analijua. Ana faili la risiti. Anakumbuka dirisha la paa lilibadilishwa lini na kwa nini, betri ya ndani ina umri gani, na ni bomba lipi lazima limwagwe maji kabla ya baridi kali lisije likapasuka. Atakaa nawe saa nzima akikuonyesha swichi moja moja. Yadi mara nyingi haina ujuzi huo. Gari limeletwa wiki iliyopita na mtu aliyekuja kuchukua jipya, akaliacha la zamani kama sehemu ya malipo. Muulize muuzaji mkanda wa taimingi ulibadilishwa mwaka gani, atakuonyesha kitabu cha sevisi, kama kipo. Na mkanda huo unahesabiwa kwa miaka pia, si kwa maili peke yake. Gari lililotembea kidogo kwa muda mrefu linaweza kuwa na mkanda uliochoka, nao ukikatika mara nyingi injini huenda nao.

Lakini kinachoua magari haya hasa ni maji. Kiwanda huchukua gari la kazi kama Fiat Ducato, Peugeot Boxer au Ford Transit, kikabakiza kichwa, injini na chasisi, kisha kikajenga juu yake chumba, na katika mengi ya zamani chumba hicho ni fremu ya mbao iliyovikwa alumini au faibaglasi. Viungo vyake huzibwa kwa gundi laini. Barabarani chumba hujipinda na kujinyoosha bila kupumzika, gundi inazeeka, na siku moja ufa mdogo unafunguka kwenye kona ya paa, kando ya taa za nyuma, au pale dirisha la paa lilipofungwa. Maji hayo hayadondoki ndani mtu akayaona. Yanashuka katikati ya ukuta, mbao inayanywa na kuoza polepole, huku upande wa ndani ukuta unang'aa kama mpya. Kulitengeneza gari lililofikia hapo kunaweza kula maelfu ya pauni.

Kwa hiyo ukienda kulitazama, usianzie kitandani. Fungua kabati la nguo la kona ya nyuma, ondoa mito iliyo chini ya madirisha, ingiza mkono mpaka kwenye pembe ambako ukuta unakutana na paa, ubonyeze kwa kidole gumba. Ukuta mzima unakataa kidole. Uliooza unabonyea, na wakati mwingine unasikia mlio hafifu wa mbao iliyolainika. Sakafu ya bafuni ipime kwa uzito wa mwili wako, hatua moja baada ya nyingine. Nusa pia. Gari lililojaa manukato, madirisha yote yakiwa yamefunguliwa kabla hujafika, linanitia shaka. Halafu kuna kipimo cha unyevu, kifaa kidogo cha mkononi: kwa kawaida asilimia isiyozidi 15 haina neno, kati ya 15 na 20 inataka kufuatiliwa, na ikipita 20 kuna mahali maji yanaingia. Gari lililotengenezwa kutokana na vani nzima ya chuma halina viungo vingi kiasi hicho, nami ningelipendelea kwa sababu hiyo hata kama vyumba vyake ni finyu.

Cheti cha MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka, hakisemi lolote kuhusu haya. Mkaguzi anaangalia breki, taa, matairi na kutu ya chini. Hafungui kabati, hapimi unyevu, hawashi jiko la gesi. Historia ya MOT ni ya bure mtandaoni kwa namba ya gari tu, na inafaa kuisoma, maana inaonyesha maili za kila mwaka na kasoro zilizojirudia. Ila mtu asiichukue kuwa ushahidi kwamba chumba ni kizima.

Na kwa kuwa maji hujificha, unaweza kukagua kwa makini usiyaone. Hapo ndipo tofauti kati ya wauzaji hawa wawili inapokuwa kubwa. Mtu binafsi anatakiwa gari liwe lake kweli na lilingane na alivyolieleza. Mengine ni macho yako. Ukigundua baada ya wiki tatu kwamba ukuta wa nyuma umeoza, naye hakuwahi kusema kwamba ni mzima, umekwama nalo.

Yadi inabanwa na Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Gari lazima liwe la ubora wa kuridhisha, lifae kwa kazi yake na lilingane na maelezo. Lisipokuwa hivyo, ndani ya siku 30 mnunuzi anaweza kulirudisha na kudai pesa yake yote, ingawa ni juu yake kuonyesha kwamba kasoro ilikuwepo alipolichukua. Siku hizo zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kulitengeneza. Akishindwa, mnunuzi anaweza kulirudisha kwa kukatwa kiasi cha matumizi, au abaki nalo apunguziwe bei. Katika hatua hiyo, kasoro iliyojitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Maneno kama "linauzwa kama lilivyo" hayamwondolei mfanyabiashara wajibu huo anapomuuzia mlaji, hata uwe umeweka sahihi chini yake.

Je, sheria hiyo inatosha? Wanaoibeza wana hoja nzito. Ubora wa kuridhisha hupimwa kwa kuangalia umri na bei, kwa hiyo gari la miaka kumi na mbili halitahukumiwa kama la mwaka jana. Karakana za yadi hujaa msimu wa kiangazi, na gari linaweza kukaa huko likisubiri wakati likizo ya watoto inakwisha. Yadi inaweza kuwa mwendo wa saa tano kutoka kwako. Kampuni inaweza kufungwa. Na kuna jambo ambalo wanunuzi wachache hulifikiria: Uingereza na Wales, mahakama ya madai madogo, ambako mtu anaweza kujitetea bila wakili na bila hofu kubwa ya gharama za upande wa pili, kwa kawaida husikiliza madai yasiyozidi pauni 10,000. Anayedai arudishiwe pauni 35,000 za gari zima anaingia kwenye ngazi ya juu, yenye gharama na hatari zake. Sheria ipo na ina meno, lakini mtu mwenye mshahara wa kawaida atafikiri mara mbili kabla ya kuitumia.

Ndiyo maana nasisitiza namna ya kulipa. Bei ya gari ikiwa zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000, ukilipa hata sehemu tu kwa kadi ya mkopo, arubuni kwa mfano, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji. Yadi ikifa, unaidai benki. Tofauti kati ya gari la pauni 29,900 na la pauni 30,500 ni kubwa kuliko pauni 600, na anayejua hivyo ana sababu nzuri ya kuvutana bei mpaka ishuke. Mtu binafsi hana mashine ya kadi, na ukimtumia pesa kwa benki, kinga hiyo haipo.

Sasa yale maneno kwenye karatasi ya mauzo. Baadhi ya magari yanayosimama yadini si ya yadi. Mwenyewe ameyaacha yauzwe kwa niaba yake, yadi inachukua kamisheni. Bei ni ya yadi, bendera ni za yadi, muuzaji amevaa fulana ya yadi, lakini mkataba unakuwa kati yako na mtu binafsi usiyemjua, na zile siku 30 hazipo. Hapo unalipa ziada kwa ajili ya uwanja na kikombe cha kahawa. Muulize muuzaji mapema, kabla ya arubuni: nani ameandikwa kama muuzaji kwenye ankara? Akisema wao ni mawakala tu, basi gari hilo lipimwe kwa bei ya mtu binafsi.

Mengine nayapitia kwa haraka, kwa kuwa hayategemei nani anauza. Aliyepata leseni ya gari dogo tangu tarehe 1 Januari 1997, na hapo ndipo wengi wetu tuliohamia huku tupo, kwa kawaida anaruhusiwa gari la uzito usiozidi kilo 3,500 likiwa na mzigo. Piga hesabu: watu wanne, lita 100 za maji ambazo ni kilo 100, baiskeli, chakula, na magari mengi ya familia yameshapita kikomo. Matairi huzeeka kabla ya kulika, kwa hiyo soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Anayeishi London ajue kwamba tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ, ambako magari yenye moshi mchafu hutozwa, limefunika mitaa yote ya jiji, na gari la dizeli la hadi kilo 3,500 lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 linatozwa pauni 12.50 kwa siku. Na wanaopanga kulitumia miaka michache kisha walisafirishe Kenya, wakumbuke kwamba huko haliingii gari lililozidi miaka minane wala lenye usukani wa kushoto, na yapo mengi yaliyoletwa Uingereza kutoka bara la Ulaya yakiwa na usukani huo.

Kwa familia inayonunua gari-nyumba kwa mara ya kwanza, mimi ningeipeleka yadini, mradi yadi yenyewe ndiyo muuzaji kwenye ankara na itoe ripoti ya unyevu ya hivi karibuni yenye vipimo vya kila kona. Moja kati ya masharti hayo mawili likikosekana, sioni sababu ya kulipa bei yao. Hapo ni bora kumfuata yule mzee mwenye faili la risiti, ukamlipa mkaguzi huru aende na kipimo chake kabla hujatoa arubuni. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ile ziada uliyoiepuka.