Kandambili ya Kuchoma

Mimi ni mrefu. Nikikaa kwenye pikipiki yangu, Boxer, magoti yanakaribia usukani, na Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200. Nikifika huwa nashuka kwa awamu: kwanza mguu wa kushoto, halafu nangoja habari kutoka kwa wa kulia.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea hapo Busia. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani huku, enzi za baiskeli, kwa hiyo fundi wa Busia haulizwi maswali mengi.

"Mzee wangu, nikusogezee vikanyagio mbele. Utanyoosha miguu kama uko sebuleni."

Akakata nondo, akachomelea, vikanyagio vikahamia mbele. Pedeli ya breki ikafuata, na gia akaiunga kwa fimbo ya chuma. Nikawasha, nikakanyaga mbele niingize gia ya kwanza. Kimya.

"Kanyaga nyuma, kwa kisigino."

"Si ilikuwa mbele?"

"Hiyo ilikuwa ya zamani."

Kumbe kale kamkono kanakoshika fimbo alikafunga kakiwa kametazama chini badala ya juu, gia zote zikageuka. Kabla ya Bugiri nikataka ya nne, nikapata ya pili. Injini ikalia kama mbuzi wa machinjioni. Hilo nililizoea. Nisilolizoea ni matuta: miguu ikiwa mbele huwezi kuinuka kidogo juu ya vikanyagio, uzito wote unatua makalioni. Matuta ya Iganga niliyahesabu kwa kifandugu, moja moja.

Lakini daraja jipya la Jinja nililivuka nimejinyoosha kama bwana harusi, na kivuli cha msitu wa Mabira kikanipepea nyayo. Nikamsamehe fundi.

Halafu Namawojjolo, soko la kuku wa kuchoma kando ya barabara. Wauza kuku wakaona teksi ya abiria 14, wakaikimbilia na vijiti vyao, na dereva akasimama papo hapo mbele yangu. Mguu wangu wa kulia ukaenda pale breki ilipoishi miaka sita. Hakuna aliyeuambia kwamba breki imehama. Ukatumbukia juu ya bomba la moshi. Breki ya mkono ndiyo iliyoniokoa, nikasimama shubiri moja nyuma ya teksi.

Nikavuta mguu. Ukaja mtupu. Kandambili ilibaki kwenye bomba, inatokota, ua lake la bluu linajikunja taratibu.

"Ssebo, unachoma nini?" mama mmoja akauliza.

"Breki."

"Kuku wangu anaanza kunuka breki yako."

Akamvua kuku kwenye kijiti, akachokoa kandambili hadi ikabanduka vipande vipande, akakifuta kijiti kwenye aproni, akamrudisha kuku. Vijana waliokuwa wanacheka wakanyamaza, wakanitazama mimi.

Nikamnunua huyo huyo. Ningesema nini, nami nasimama kwa mguu mmoja?