Kijana, Andika Namba

Wiki iliyopita nilinunua picha ya jiwe la Gangilonga kwa shilingi elfu kumi na tano, kwenye kibanda cha kuchapa tisheti huku Miyomboni, Iringa. Si picha ya kamera. Kijana kaichapa kwa skrini, kazi ileile anayofanyia tisheti za vikundi na sare za kwaya: fremu ya mbao, kitambaa kimewambwa kikakaza kama ngoma, rangi inamwagwa upande mmoja kisha inaburutwa kwa raba, mara moja tu, kwa mkono usiositasita. Alipoinua fremu, manila ilinata kidogo kabla ya kuachia. Rangi tatu, skrini tatu. Ile nyekundu ilikuwa imeuruka mstari kwenye ukingo wa jiwe, na ndiyo sababu nikachagua hiyo.

"Umechapa ngapi?" nikamuuliza.

"Bado naendelea, mwalimu. Mpaka manila ziishe."

Jibu hilo limenikaa kooni hadi leo.

Andy Warhol, yule msanii wa Marekani, naye alikuwa mtu wa skrini. Mwaka 1967 alitoa picha kumi za mwigizaji Marilyn Monroe, sura moja kwa rangi tofauti, seti 250, akafunga hesabu. Zikifika mnadani London au New York, wenye fedha zao hupandishiana bei mpaka unajiuliza kama wanajua ni karatasi. Mwaka 1970 Marilyn haohao wakaanza kuchapwa Ubelgiji bila sahihi yake. Nyuma wakagongwa muhuri unaomwambia mnunuzi ajaze sahihi yake mwenyewe! Ukizitundika mbili ukutani, ya 1967 na ya Ubelgiji, mimi na wewe tutabaki tunakodoa macho. Dalali atazigeuza, aangalie mgongoni, na bei zake hazitakaribiana kabisa.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kinachopigwa mnada pale si wino. Ni neno la msanii kwamba ameacha. Ukiona 17/50 kwa penseli chini ya picha, maana yake hii ni ya kumi na saba, na baada ya ya hamsini hakuna nyingine. Wale wanaochonga picha kwenye bamba la chuma ndipo wachape, wakimaliza hulikwaruza lisitumike tena.

Na neno likivunjwa? Mwaka 1974 forodha ya Ufaransa ilisimamisha gari lililobeba karatasi 40,000, tupu kabisa, zote zina sahihi ya Salvador Dalí. Mchoro ungekuja baadaye. Tangu hapo chapa zake nyingi, yaani picha za kuchapwa, za miaka ya mwisho zikiletwa sokoni, watu huziangalia kwa jicho la pembeni, hata zile halali. Msanii mkubwa vile, halafu unajifanya daftari la risiti.

Kwenye mnada wa ng'ombe mnunuzi hufunua mdomo akakagua meno. Kwenye chapa hukagua pambizo. Ule weupe unaozunguka picha ndio wenye namba na sahihi, na ndio fundi wetu wa fremu anaoupitishia mkasi ili picha "ikae vizuri" kwenye kioo. Nimeshuhudia kwa macho yangu, nikanyamaza, kwa sababu picha haikuwa yangu. Usikate. Wala usibandike kwa gundi.

Rafiki yangu mmoja amenibishia: Tingatinga je? Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alifariki 1972 akiwa amechora miaka michache tu, na waliomfuata wamerudia chui na ndege wale bila mtu kuhesabu, na watoto wamesoma. Sikatai. Lakini kila chui yule amepakwa kwa brashi, mkono umetembea upya. Skrini haichoki hivyo. Na Nairobi, si mbali, wamekuwa na mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013. Chapa isiyo na namba ikipelekwa kule itaanza kwa kujieleza.

Juzi nikarudi kibandani na penseli. Nikamweleza yote haya, tena kwa kirefu, kama mnavyonijua. Akachukua manila moja, akaandika 1, akaweka mkwaju, akasimama.

"Nikiandika thelathini, halafu akaja mtu wa thelathini na moja na hela mkononi?"

"Mwambie zimeisha."

Akacheka sana. Penseli akaichomeka nyuma ya sikio, akarudi kwenye tisheti zake.