Korosho ghafi za chuo kikuu

Mtafiti anafika Ruangwa, kusini mwa Tanzania, na dodoso lake. Anauliza kwa Kiswahili, anajibiwa kwa Kiswahili, kinasa sauti kinanasa Kiswahili. Mwaka mmoja na nusu baadaye tasnifu inatua kwenye rafu ya maktaba, na Kiswahili pekee kilichomo ni fomu ya ridhaa kwenye kiambatisho cha mwisho, kwa kuwa kamati ya maadili iliidai. Watu wa kusini wanaifahamu biashara ya namna hii. Korosho inaondoka ghafi, inabanguliwa India au Vietnam, na faida nono inabaki kwa mbanguaji.

Mjadala wetu wa lugha vyuoni umekwama miaka mingi kwenye lugha ya kufundishia. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985 na kipande hadi vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na tangu hapo tumekuwa tukilizungumza kwenye makongamano, mengine yakiendeshwa kwa Kiingereza. Mimi niko upande wa Makweta. Ila wakati tunasubiri, madaraka ya lugha yanafanya kazi kila siku mahali ambapo hakuna wizara iliyotukataza kitu: kati ya kinasa sauti na ukurasa wa kwanza wa data. Pale tunajifanyia wenyewe.

Tuanze na hesabu, maana uovu mwingi hapa unazaliwa na uchovu. Mahojiano ya saa 1 yanahitaji saa 5 au 6 za unukuzi, yaani kuyaandika yaliyorekodiwa, kwa mtu mwenye mkono mwepesi na sauti safi. Jogoo akiwika na wahojiwa wakidakiana maneno, hesabu saa 8. Mahojiano 30 yanapita saa 150, na tafsiri bado haijaanza. Mwanafunzi fedha zimemwishia, msimamizi anauliza sura ya nne iko wapi. Basi njia ya mkato inafuatwa, na kila aliyepita kwenye miradi ya utafiti anaijua: msaidizi anavaa spika za masikioni, anasikiliza Kiswahili na kuchapa Kiingereza papo hapo. Kwa hiyo maandishi ya Kiswahili hayapo na hayajawahi kuwepo. Sauti nazo hufutwa muda uliotajwa kwenye kibali ukifika. Baada ya hapo maneno ya mama wa Ruangwa hayapo tena duniani. Kilichopo ni kile alichoelewa kijana anayelipwa kwa ukurasa, saa 5 usiku, akiwa na kurasa nyingine 20 za kumaliza.

Mama anasema, "Nimehangaika na huyu mtoto tangu Jumatatu." Msaidizi anaandika kwa Kiingereza kwamba mama alikuwa na wasiwasi. Lakini kuhangaika kule kulikuwa na miguu: zahanati hakuna dawa, duka la dawa hela haitoshi, kwa mganga, kukopa nauli kwa shemeji, ndipo kituo cha afya. Kitenzi kimoja kilibeba safari nzima ya kutafuta tiba, nacho kimegeuzwa kuwa hali ya moyoni. Mtafiti mwenyewe, ambaye mada yake ni vizuizi vya kupata huduma, anaandika mwishoni kwamba data yake haikugusa vya kutosha suala la umbali.

Mfano mzito zaidi ni degedege. Kwa daktari ni mtukutiko wa mwili unaoweza kuletwa na malaria kali. Kwa wazazi wengi wa pwani, kama utafiti wa afya ulivyokuja kuonyesha katika miaka ya 1990, degedege lilikuwa ugonjwa unaojitegemea, wenye uhusiano na pepo na mdudu au ndege wa jina hilohilo, na mtoto akichomwa sindano angeweza kufa. Ukiandika mtukutiko kwa Kiingereza na kuendelea, umeifuta sababu ya mzazi kwenda kwanza kwa mganga. Unabaki kumwita mjinga. Tafsiri nyingi mbaya hukosea upande huohuo, zikimpunguzia akili msemaji.

Yapo na makosa ya kimyakimya, yasiyoonekana hata kwenye jedwali. Muulize Mswahili, "Wiki hii hamkukosa chakula?" Akijibu "ndiyo", maana yake ni ndiyo, hatukukosa. Kiingereza kinajibu swali la namna hiyo kinyume. Sasa kama dodoso lilitungwa kwa Kiingereza na jibu linaingizwa 1 kwa ndiyo na 0 kwa hapana, nyumba yenye chakula inaweza kuhesabiwa yenye njaa, na hakuna programu ya takwimu itakayokushtua. Dawa ni ndogo: usiulize swali la kukanusha, au mwelekeze mdadisi aandike jibu zima, "hatukukosa", badala ya kuweka alama kwenye kisanduku.

Wenzangu watasema hayo yote hukamatwa na tafsiri ya kurudisha, yaani mtu wa pili anarudisha Kiswahili kwenye Kiingereza bila kuona dodoso la awali, kisha matoleo mawili yanalinganishwa. Inasaidia, lakini ina tundu. Mrudishaji naye ni msomi wa Kiingereza, hivyo maneno yaliyokopiwa anayatambua kwa harufu. "Huduma rafiki kwa vijana" inarudi neno kwa neno, kila mtu anapiga makofi, na kijana wa Nachingwea aliyeulizwa bado anashangaa huduma inakuwaje na urafiki. Kipimo halisi ni kuwapa watu 5 au 6 wa kijiji swali hilo na kuwaomba waeleze, kwa maneno yao, wameulizwa nini. Kazi ya siku moja. Huachwa kwa sababu haina safu kwenye bajeti.

Hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi sitaitolea jasho. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ikafuata 2003. Istilahi zisipotumika zinabaki ngeni, hivyo kuzilaumu kwa ugeni ni kumlaumu mgonjwa kwa kulala.

Tazama badala yake chumba cha utetezi wa tasnifu ya kilimo au afya. Mtahiniwa, msimamizi, watahini, wote wamekulia Kiswahili, na wahojiwa wote walisema Kiswahili. Wanazungumza Kiingereza, na dakika kadhaa zinaliwa na viambishi vya wakati na matumizi ya vibainishi, yaani "a" na "the". Mwanafunzi anayejua vizuri kilichotokea shambani anapoteza kwa mwenzake aliyesoma shule ya ada kubwa. Hapo lugha inagawa vyeo, na waliokwisha kuvipata hawana haraka ya kubadili mizani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Idara ya Kiswahili mwaka 1970, ambayo tangu 2009 ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na tasnifu za Kiswahili zinaandikwa humo, karibu zote kuhusu lugha na fasihi. Afrika Kusini, Hleze Kunju alipopata udaktari wa Chuo Kikuu cha Rhodes mwaka 2017 kwa tasnifu iliyoandikwa kwa isiXhosa, ya kwanza chuoni hapo, habari ilienea. Mada yake ilikuwa hali ya isiXhosa nchini Zimbabwe. Namvulia kofia. Lakini lugha zetu zinaruhusiwa kujizungumzia zenyewe tu. Zikitaka kusema juu ya udongo au shinikizo la damu, mlango unafungwa.

Kwa anayeanza kazi ya nyanjani mwezi ujao, haya hayahitaji kibali cha mtu. Nukuu kwa Kiswahili kwanza, chote, pamoja na "eee", kicheko na lahaja. Usimsahihishe mhojiwa akisema "nyie mwatuona". Zima kisahihishaji cha Kiingereza, la sivyo "homa" itarudi "home". Panga data kwa mada ukiwa bado kwenye Kiswahili. Programu za kuchambua data zinapokea Kiswahili bila taabu, ila usiamini hesabu zake za maneno: "alipima", "hatukupimwa" na "wakapimane" kwake ni maneno matatu yasiyojuana. Tafuta shina, -pim-, kisha chuja kwa macho.

Tafsiri mwishoni tu, na tafsiri zile dondoo zinazoingia kwenye sura. Katika mahojiano 30 huenda zikawa 60 au 80, kwa hiyo muda ulioutumia kunukuu unaanza kurudi. Dondoo ya Kiswahili ikae juu, Kiingereza chini yake, ili mtahini anayejua lugha aweze kukubishia. Maneno kama degedege yabaki yalivyo, yenye maelezo ya aya moja mara ya kwanza.

Utagongana na ukomo wa maneno. Andika barua mapema kwa ofisi ya masomo ya uzamili uombe dondoo za Kiswahili zisihesabiwe, na ikigoma, onyesha kwamba "hawajatuletea" ni neno moja tu, ambalo Kiingereza kinalilipia maneno sita. Na yule aliyenukuu usiku kucha, jina lake liwekwe kwenye sura ya mbinu, pamoja na lugha anazozijua na wilaya aliyokulia. Msomaji anayo haki ya kujua ni sikio la nani lililosikiliza.